Bomba Ndani ya Minyaa

Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo mtakaosoma haya mnivumilie. Nimestaafu mwaka huu. Vijana wa ofisi ya maji walininunulia soda na keki, wakaniambia nihutubie. Nikasema asanteni, nikakaa. Walicheka, kwa sababu ndivyo wanavyonijua.

Baada ya keki wawili kati yao walinionyesha ramani. Walikuwa wamezunguka vilimani na wageni wanaopima upepo, maana inasemekana siku moja mashine kubwa za kufua umeme wa upepo zinaweza kusimamishwa huku kwetu. Wakaniuliza, mzee Maduhu, wewe ulifanya kazi na upepo, ni kilima gani upepo una nguvu? Nikawaonyesha. Wakashukuru, wakakunja ramani. Hakuna aliyeuliza nyumba za watu ziko wapi. Nilirudi nyumbani na jambo hilo kifuani, ndipo nikaanza kuandika.

Mimi nilianza kazi zama za ruksa. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya kukosa hata sabuni. Baiskeli za Kichina zilining'inia kwenye dari, na mitumba ilimwagwa chini gulioni. Lakini pampu za dizeli vijijini, zile serikali ilizokuwa ikizipelekea mafuta, zilikuwa zimenyamaza. Tuliambiwa kila kijiji sasa kijitegemee. Kijiji kisicho na dizeli kitajitegemea kwa nini? Ndipo ukaja mradi uliosema upepo haununuliwi.

Mashine yenyewe ilikuwa mnara wa chuma wenye miguu minne, juu gurudumu la mapanga ya bati na mkia wa kulielekeza kwenye upepo. Watu waliliita pangaboi. Gurudumu likizunguka, fimbo ndefu inapanda na kushuka ndani ya kisima, na mle chini kikombe cha ngozi kinanyonya maji hadi kwenye tangi. Ngozi ya kutoka ng'ambo ilikuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo Fundi Zabron, mkuu wetu, alikata vikombe kwenye ngozi ya ng'ombe wa kawaida, akavichemsha kwenye mafuta, akavikandamiza kwenye chupa iliyokatwa. Vingine vilidumu kuliko vya ng'ambo. Vingine vilinuka, na wanakijiji wakasema maji yana mchuzi.

Siku yangu ya kwanza nilikuta wenzangu wamepanda mnara tayari. Juu kabisa alikaa Masunga, kijana wa rika langu, anapiga mluzi huku miguu inaning'inia. Alikuwa na buti. Mimi nilikuwa na kandambili. Niliyatazama yale mabuti kutoka chini mpaka shingo ikauma. Baadaye nilimwonea Masunga wivu kwa mambo mengine mengi. Alijua kuongea na wasichana kisimani, alijua kuongea na wazee, na kijijini kwao, upande wa Maswa, pangaboi lilikuwa limeshasimama. Mama yake alifungua koki. Mama yangu mimi, kule jirani na Nkoma, kila asubuhi alishuka mtoni na kata ya kibuyu, akapiga magoti na kufukua mchanga mpaka maji yachuruzike. Kiangazi shimo lilikuwa refu kiasi kwamba unamwona mgongo tu. Na mwanawe alikuwa anawachimbia watu wengine.

Sitaficha kwamba niliishi hivyo miaka yangu ya mwanzo. Kila kijiji tulichomaliza, siku ya maji ya kwanza kutoka, watoto wanaoga na nguo, akina mama wanapiga vigelegele, mimi nafunga vifaa. Masunga aliniuliza, "Maduhu, mbona kama umekuja msibani?" Nikasema grisi imeniingia jichoni.

Fundi Zabron alikuwa mtu wa pwani ya ziwa, kule Lamadi. Alijifunza ufundi kwa kutengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi. Alikuwa na desturi moja ambayo nataka muijue, kwa sababu hadithi yote inaning'inia hapo. Kabla hatujafungua nati hata moja ya mashine iliyoharibika, alitukalisha chini, akatuuliza mmoja mmoja, "Umeona nini?" Alianza na mdogo wa kazi, ili asije akarudia maneno ya wakubwa. Ilikuwa lazima ujibu. Mdogo wa kazi nilikuwa mimi, na jibu langu lilikuwa lile lile, "Sijaona kitu, Fundi." Mara nyingi nilikuwa nimeona. Lakini kusema mbele za watu kulinikausha ulimi. Fundi hakunigombeza. Alisema tu, "Haya. Siku moja utaona," akahamia kwa Masunga, ambaye aliona vingi hata visivyokuwepo.

Sasa nifike Mwalubambo. Ni kijiji kilichokaa kwenye mgongo wa mlima mdogo, kiasi cha mwendo wa asubuhi moja kutoka Bariadi kwa baiskeli. Upepo pale hauna masihara. Wapimaji walipotafuta mahali pa mnara, mahali pazuri palikuwa ubavuni mwa mji, yaani boma, wa mama mmoja aitwaye Kabula, nasi sote tulimwita mayu Kabula, kama unavyomwita mama yeyote kwetu. Mumewe alitoa eneo kwa moyo mweupe. Tukawaambia waweke uzio, ng'ombe wasije wakausukuma mnara na kuvunja bomba. Mume akapanda minyaa kuzunguka mnara, tangi na bomba, na kwa kuwa minyaa ya mji wake ilikuwa pale pale, akaiunganisha. Ukawa uzio mmoja wenye mlango mmoja. Tulimsifu kwa kazi nzuri. Kisha yeye akaenda na ng'ombe upande wa Meatu kutafuta majani, akawa anarudi kwa msimu.

Mwaka haukuisha, taarifa ikaja mradini kwamba pangaboi la Mwalubambo limeharibika. Tukaenda. Tukakuta breki imevutwa na kufungwa kamba ya mkonge. Hakuna kilichoharibika. Tukafungua, maji yakapanda, tukarudi. Haikupita muda, limeharibika tena. Tukaenda, kamba ile ile. Mara ya tatu Fundi Zabron alikuwa amechoka kuendesha baiskeli, akauliza wazi pale bombani nani anafunga.

"Mimi," alisema mzee mmoja aliyesimama nje ya minyaa.

Alikuwa mzee Sita, mkubwa wa kitongoji cha ng'ambo ya korongo, mtu mwenye ng'ombe na wake watatu. Hakuonyesha kuogopa wala kuona aibu.

"Kwa nini, baba?"

"Fundi, feni kazi yake nini? Hata mjini mnazo kwenye hoteli. Feni inasukuma hewa. Mawingu yanatoka ziwani, yanafika hapa juu, yanakutana na feni yenu, yanarudi. Mwaka huu mahindi yamekauka. Nikiona wingu, nafunga. Likipita, wafungue wenyewe."

"Na mvua ilinyesha ulipofunga?"

"Ilinyesha Maswa," alisema mzee Sita, kama vile huo ni ushahidi tosha.

Msicheke haraka. Na ninyi wenye ramani, mkienda na mashine zenu, kubwa kuliko nyumba ya ghorofa, maneno hayo yatawapokea. Fundi alieleza kwamba pangaboi halisukumi upepo, linasukumwa. Alieleza vizuri, kwa mikono na kwa kofia yake. Mzee Sita alisikiliza, akaitikia, akaaga. Baada ya siku chache tukaambiwa limefungwa.

Mayu Kabula naye alikuwa na yake. Alituita siku moja tukae tuone. Asubuhi jua likichomoza nyuma ya mnara, kivuli cha mapanga kilipita uani kwake, kinapita, kinapita. Kuku wake walikimbia chini ya ghala wakidhani ni mwewe. Vifaranga hawakudonoa kitu mpaka jua lipande. "Mnaona?" alisema. "Mimi ndiye mwenye maji, wanasema. Njooni mniulize nina kuku wangapi." Halafu ile milio ya chuma kila upepo ukigeuka. Halafu vumbi la miguu ya watu. Halafu akatuambia jambo ambalo sisi vijana tulilichukulia kama malalamiko ya mama mchovu. "Tangu bomba hili lije sijala ugali wangu bila kusema karibu. Nikipakua, mtu huyo mlangoni na ndoo. Utakula mtu amesimama? Sasa wanangu wanakula nyuma ya nyumba kama wezi."

"Waambie wakuoneshe heshima, wasije saa ya kula," Masunga alisema.

"Saa ya kula ya nani, ng'wanawane, mwanangu? Kijiji kizima?"

Pamoja na hayo yote, watu walimwonea wivu. Maji yaliyomwagika bombani yalitiririka hadi nyuma ya nyumba yake, na pale palikuwa na mchicha na vitunguu wakati wa kiangazi kikali, pakiwa kijani peke yake mlima mzima. Mimi pia nilimwonea wivu. Niliutazama ule mchicha, nikamwona mama yangu ndani ya shimo la mchanga.

Siku moja Fundi alirudi kutoka Bariadi, kwa mhandisi wa mradi, akatukalisha. Alisema mhandisi amechoka. Kama watu wa Mwalubambo hawalitaki pangaboi, mkutano uitwe, waseme wenyewe, ling'olewe lipelekwe kijiji kinachofuata. Masunga akauliza kinachofuata ni kipi. Fundi akanitazama mimi.

"Ni kwenu, Maduhu."

Jumapili nilichukua baiskeli ya mradi, nikaenda mpaka nyumbani, nikamwambia mama. Yeye hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Linafananaje?" Nikajaribu kuchora kwenye vumbi. Akatazama mchoro wangu muda, akasema, "Nitakuja nilione, kabla halijaja."

Alikuja kweli. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, wakishindana na ushirika, na mama aliomba lifti juu ya magunia. Alifika Mwalubambo, tulikopiga kambi, siku moja kabla ya mkutano, pamba kwenye kitenge na kwenye nywele. Alizunguka mnara kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akashika chuma, akasikiliza, akatazama juu mpaka macho yakatoka machozi. "Nene, mimi, nakubali," alisema. "Lije." Kisha akachukua ndoo yetu aende kuteka maji atupikie.

Alichelewa. Mimi nilikuwa nasafisha spana nje, nikadhani kuna foleni. Hakukuwa na foleni. Aliporudi aliitua ndoo, akakaa, akavuta pumzi.

"Maji matamu," alisema. "Lakini nimeyaomba."

"Hukuyaomba, mama. Bomba ni la kijiji."

"La kijiji?" Akanitazama kama mtoto. "Nimefika mlangoni kwa mtu. Nimepiga hodi. Nimengoja nikaribishwe. Nimeinama, nimesema mwadila, nimeulizwa nimetokea wapi, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo. Sina ng'ombe, nikasema hawajambo. Nikaambiwa karibu ugali, nikasema nimeshiba, na njaa inaniuma. Ndipo nikachota. Na huyo mwanamke ni mdogo kwangu, ningeweza kumzaa. Kwenu ninyi mafundi, hiyo inaitwaje kama siyo kuomba?"

"Ni salamu tu, mama."

"Mara moja ni salamu. Kila siku, asubuhi na jioni, na ndoo kichwani? Wake za huyo mzee wa mawingu wana umri gani?"

Nikamwambia. Mke mkubwa alikuwa mtu mzima kuliko mama mwenyewe.

"Hm," alisema mama. Akaanza kuchambua mchicha ambao mayu Kabula alikuwa amempa. Kwetu huwezi kuingia mji wa mtu ukapita kimya kama ng'ombe. Aliyeingia ndiye anayesalimu, na mwenye mji ndiye anayesalimiwa, hata kama mwenye mji ni mdogo na aliyeingia ni mkubwa. Kwa mgeni wa siku moja ni adabu. Lakini sisi tuliliweka bomba la watu wote ndani ya mji wa mmoja, tukawafanya watu wazima wawe wageni kila siku kwa ajili ya ndoo ya maji. Hakuna mzee atakayesimama mkutanoni aseme mke wangu anaona aibu kumwinamia Kabula. Atasema mawingu.

Niliyaelewa yote hayo pale pale, spana mkononi, wakati mama anachambua mchicha. Nikaelewa na dawa yake. Vipande vya bomba, kona moja, koki moja, toa bomba nje ya minyaa, upande wa njiani. Kazi ya mchana mmoja. Na nikaelewa kwamba nikikaa kimya, kesho pangaboi linakwenda kwetu. Kukaa kimya ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote duniani. Usiku ule nililala vizuri.

Mkutano ulifanyika kwenye godauni la ushirika. Mwaka ule lilikuwa tupu, kwa sababu pamba ilikuwa inapandia malori ya watu binafsi njiani, kwa hiyo wanakijiji walienea wote ndani na sauti ikapiga mwangwi. Mzee Sita alisema mambo ya mawingu. Mayu Kabula alisema mambo ya kuku. Mmoja wa vijana akauliza kama mwewe wa bati anakula pia vifaranga vya bati, watu wakacheka, na Kabula akamwambia, "Cheka, nawe ukioa nitaomba wajenge hapo kwako." Masunga alisimama kutuliza, akaongea kwa ufasaha muda mrefu, akamaliza bila mtu kujua amesema nini. Mke mkubwa wa mzee Sita alikaa mbele ya akina mama, mikono magotini. Mama yangu alikaa jirani naye. Nilimwona anamtazama kwa pembeni.

Fundi Zabron akauliza, "Basi niwaelewe. Tuling'oe?"

Kisha sauti ya nyuma ikasema, "Ling'oeni." Nyingine ikaitika. Mzee Sita akainamisha kichwa kukubali. Kabula akasema, "Na mimi nipumzike." Lakini alisema taratibu, na akatazama chini, nadhani aliuona mchicha wake unakauka.

Mimi nilianza kuota macho wazi. Niliona wenzangu wanashusha fimbo, wanafungua mapanga, nikaliona gari linapita Nkoma. Niliiona koki mkononi mwa mama.

Fundi akageuka kwetu. Ilikuwa desturi yake kabla ya kufungua nati, na hakuona sababu ya kuiacha kwa kuwa kuna watu.

"Maduhu. Umeona nini?"

Godauni zima likanigeukia. Jibu langu lilikuwa mdomoni, lilikuwa limekaa pale tangu siku yangu ya kwanza ya kazi. Masunga alikuwa tayari anajisafisha koo, anangoja zamu yake. Sijui kueleza vizuri kilichotokea. Siyo kwamba niliwahurumia watu wa Mwalubambo. Niliwaonea wivu mpaka dakika ile. Lakini nilikuwa nimefundishwa kazi, na kazi ilisema huwezi kung'oa kitu kizima ukaacha kilichooza. Tungekipeleka kile kizima kwetu, na tungekwenda nacho pamoja na ujinga wetu. Tungepanda minyaa kwa nani? Kwa mama?

"Mashine nzima," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mbovu ni mlango."

"Mlango gani?"

"Wa minyaa. Bomba likae nje, njiani. Mtu achote bila kupiga hodi."

Nikakaa. Ni hayo tu, sikuongeza. Fundi aliendelea kunitazama. Mayu Kabula ndiye aliyesema kwanza, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Wasipite kwangu? Nile ugali wangu nimekaa?"

Mzee Sita alitazama juu kwenye bati. Lakini mke wake mkubwa aliinua kichwa, akauliza, hakumuuliza mtu yeyote hasa, "Tutachota tukiwa njiani? Kama mtoni?"

"Kama mtoni, mayu," Fundi alisema.

Yule mama akamgeukia mumewe. "Baba Sita, hilo siyo baya."

"Na mawingu?" akauliza mzee, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo.

"Mawingu utayaangalia sisi tukichota," alisema yule mama, na kicheko kilichotoka kilipiga bati la godauni.

Mchana ule ule tulichimba. Ilitosha spana mbili na vipande vya bomba tulivyokuwa navyo kwenye gari la mradi, lililokuja kubeba mnara. Jioni wake wote watatu wa mzee Sita walikuja na ndoo zao, wakachota njiani, wakacheka kwa sauti, wakaondoka. Kamba ya mkonge ilibaki imening'inia kwenye mnara, wala sikusikia tena kwamba imefungwa. Kivuli na kuku hatukuvipatia dawa. Mayu Kabula aliishi navyo, na aliniambia miaka mingi baadaye kwamba asubuhi bado anawafungia vifaranga ndani.

Mama alinikuta nakusanya vifaa. Alikuwa ameshafunga kitenge chake, lori la pamba linaunguruma njiani.

"Yale maneno ni yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ungenyamaza."

Hakusema kwa hasira. Akapanda juu ya magunia, akakaa akitazama mbele. Asubuhi iliyofuata, najua, alishuka mtoni na kata yake.

Hatukuzungumza juu ya jambo lile msimu mzima wa pamba. Kijiji chetu kilibaki kuwa kinachofuata, kisha wafadhili wakamaliza muda wao, mradi ukafungwa, mhandisi akaondoka, na kinachofuata kikakosa cha kufuata. Sisi mafundi tulipokelewa ofisi ya maji, baadhi yetu. Masunga alipata kazi nzuri mjini. Buti zake za mwisho zilikuwa za ngozi. Fundi Zabron alirudi ziwani kwenye injini zake. Siku tulipoagana alinipa mkasi wake wa kukatia ngozi, bado ninao, akasema, "Umeona." Basi.

Kila nilipopita Mwalubambo kwa kazi nilisimama njiani pale bombani kunywa maji. Yalikuwa matamu. Kila mara yalinipita kooni na uchungu kidogo, na mayu Kabula, akiwa amekaa kivulini kwake anakula ametulia, alinipungia mkono. Nilimwonea wivu mpaka na lile tonge.

Maji yalifika kwetu mimi nikiwa na mvi, kwa pampu ya jua. Vijana wawili wa ofisi walikuja kupima, wakaona mahali pazuri pa bomba ni uani kwa mama yangu, kwa kuwa ni mama wa fundi, na pana kivuli, na wao walitaka kuniheshimu. Mama alitoka na fimbo yake. Hakuwauliza mambo ya jua wala ya paneli. Aliwaongoza hadi njia panda, mahali ambapo hapana mji wa mtu, akachomeka fimbo ardhini. "Hapa," alisema. "Ndipo mtu hasemi hodi." Ninyi mnaokunja ramani, mkafike njia panda ile, mkaone. Halafu mkapime upepo wenu.

Mama bado yupo. Macho yamepungua, ulimi haujapungua. Nimerudi kuishi naye, na wageni wakija kunipongeza kwa kustaafu, ananituma njia panda nikachote, anawapa maji kwenye kikombe, anawangoja wamalize. Kisha ananyoosha kidole kwangu.

"Mnayaona haya maji? Yalichelewa. Nilifukua mchanga mpaka magoti yakaisha. Huyu hapa, mnamjua, hasemi. Shuleni hakusema, kazini hakusema, wakati wa kuoa tulimsemea sisi. Siku moja tu katika maisha yake alifungua mdomo mbele za watu. Siku hiyo hiyo maji yangu yakabaki kwa Kabula."